Isale la Mheshimiwa Gidioni

Ndelilio alikuwa mtunza mfongo, ule mfereji wa maji unaoteremka kijijini kwetu, upande wa Marangu. Akipiga pembe asubuhi, watu walitoka na majembe kuuzibua. Asiyetoka alilipa debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, na waliotoka ndio walioinywa.

Masika moja mafuriko yalibomoa banio, kile kizuizi cha mtoni kinachoingiza maji mferejini. Mawe na magogo ya migomba hayakushika tena. Ilitakiwa saruji, na saruji ilikuwa mikononi mwa wakubwa. Mbunge wetu, Gidioni, aliahidi, kisha akapotea.

Uchaguzi wa mwaka wa sabini ulipokaribia, akaja kwa Ndelilio na isale mkononi. Kwetu hilo ndilo jani la kuomba msamaha. Ukiletewa hukatai, hata kama mtu amekuulia ndugu.

"Shikamoo mzee. Nimekosa."

"Marahaba, mwanangu. Yamekwisha."

Mkewe, Eunike, akasema kutoka jikoni, "Na ng'ombe wangu je, atakunywa isale?"

Tulicheka. Lakini jani lilikwisha pokelewa. Ndelilio akapita nyumba kwa nyumba, na kijiji kizima tukapigia kura jembe, alama ya Gidioni. Wa ng'ambo ya korongo walichagua nyumba, alama ya mshindani wake.

Gidioni akashinda. Saruji ikaja kweli, lori zima. Ikapita mbele ya milango yetu, ikavuka korongo.

Ndelilio akateremka Moshi kumwuliza. Alinisimulia mwenyewe: Gidioni alimnunulia chai, akasema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "Mzee wangu, ninyi nimeshawapata. Wale je? Nisipowajengea, sabini na tano watanitoa."

"Na sisi tukikutoa?"

"Aa, mzee! Si ulipokea isale?"

Ndelilio akamaliza chai, akapanda kurudi nyumbani. Mimi nimetembea nchi hii mpaka Tarakea na Kahe, nami sijapata jibu la swali lile.

Kahawa yake ikanyauka. Eunike akawa anavuka korongo kuchota kwenye banio jipya, akingoja wenyewe wamalize kwanza.

Sabini na tano Gidioni akaja tena. Kihamba chote cha Ndelilio, lile shamba la migomba na kahawa kuzunguka nyumba, kilikuwa kimekauka, isipokuwa ua wa masale mpakani, maana mmea ule haufi upesi kwa kiu. Safari hii hakuja na jani kutoka kwao. Alilichuma palepale kwenye ua ule, Eunike akimtazama na ndoo kichwani.

"Shikamoo mzee."

Ndelilio akafuta mikono kwenye suruali, akalipokea.