Mwene Haonwi Akila

Nilipokuwa mtoto kule Kasense, Bibi alinipa kazi moja ya jioni: kupeleka chakula kwa kaka yake, kukiweka mlangoni, kupiga magoti, kupiga makofi polepole, kisha kuondoka bila kugeuka. Kaka yake alikuwa Mwene, mtemi wetu wa jadi. Na Mwene, kwa imani ya ukoo wetu, haonwi akila. Anayekula naye anafupisha siku.

"Siku za nani?" niliwahi kuuliza.

"Za Mwene. Nenda, ugali unapoa."

Zamani za baba yao, Mwene aliamua kesi na kugawa ardhi, na watu walimwendea mvua ilipochelewa. Kisha serikali ikafuta utemi. Kesi zikaenda mahakamani, ardhi ikaenda kwa serikali ya kijiji. Babu, ndivyo nilivyomwita kaka yake Bibi, akabakiwa na makofi na mlango uliofungwa. Siku hizi jina limepata kazi nyingine. Vijana wa bodaboda pale Majengo huitana "Mwene" wakigombea abiria. Mimi sasa ni mwandishi wa habari, na nimewahi kuripoti sherehe ambako mgeni rasmi alivishwa mgolole, akapewa mkuki, akaitwa Mwene, kisha akala wali meza kuu mbele ya kamera. Niliandika habari, nikaituma.

Babu alikuwa mjane, watoto wake walikuwa Mpanda. Chumba kimoja alimpangisha Mama Atupele, karani aliyehamishwa kutoka Mbeya. Hakujua miiko yetu, na hakuna aliyemweleza. Jioni moja nilikuta mlango wazi. Mama Atupele amekaa kwenye kigoda, sinia ipo katikati, na Babu anatafuna.

"Mzee, matonge gani haya? Unajenga ukuta?"

"Na ninyi wa Mbeya mnamega kama mnaiba."

Babu akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Aliponiona akasema, "Mjukuu, ingia tule." Niliweka bakuli chini nikakimbia.

Nilipomsimulia, Bibi alikwenda mwenyewe. Alisimama nje ya kizingiti, mimi nyuma yake.

"Mwanangu, unamuua kaka yangu."

"Kwa ugali, mama?"

"Kwa kukaa naye."

Babu akajibu kutoka ndani. "Mwache, mdogo wangu. Serikali ilishanifuta, ni wewe tu hujapata taarifa. Ingia ule."

Bibi hakuingia. Alinishika mkono tukarudi nyumbani.

Babu alifariki kabla ya kuvuna ulezi. Alikuwa mzee sana, na kikohozi kilikuwa kimemshika tangu kipupwe. Hayo nayajua sasa. Wakati ule nilijua tu kwamba Bibi alisema atakufa, naye amekufa. Wanawake kadhaa msibani waliacha kumsalimia Mama Atupele.

Matanga yalipoisha, Mama Atupele alianza kufungasha ahamie Malangali. Bibi akaenda chumbani kwake. Nilimfuata nikitarajia ugomvi.

"Alikuwa anapenda nini?" Bibi aliuliza.

"Nani, mama?"

"Kaka yangu. Chakula gani?"

Mama Atupele aliacha kukunja shuka. "Maharage ya kuungwa na karanga. Dagaa hakuwapenda. Alikuwa anampa paka."

Bibi alimpikia dagaa wa ziwani tangu sijazaliwa, kwa heshima, hata siku ambazo sisi tulikula mlenda. Bakuli lilirudi tupu kila mara.

"Hakuniambia," alisema.

"Angekuambia saa ngapi, mama?"

Nilidhani Bibi angekasirika. Alikaa kitandani, juu ya nguo zilizokunjwa.

Aliishi miaka mingi baadaye na hakuwahi kusema kwamba mwiko ule ulikuwa wa uongo. Mimi pia sijasema hivyo. Alitaka kaka yake aishi, akamlinda kwa njia aliyofundishwa. Ninachokumbuka ni kwamba alikaa kwenye kitanda cha mgeni mpaka jua likazama, akimuuliza habari za ndugu yake wa tumbo moja.