Asidi Haijui Kwamba Inapimwa

Kwa miaka kumi na mmoja mwalimu wa uchumi, ambaye wanafunzi walimwita Mama Bei na yeye akaitika, alifundisha chini ya ngazi. Vyumba vilikuwa haba, na somo lake ndilo lililofika la mwisho. Kila kengele ilipolia, shule nzima ilimpita juu ya kichwa kwa kishindo. Yeye alisubiri wapite, kisha akaendelea na mahitaji na ugavi.

Chumba kilikuwepo. Maabara ilikaa tupu kila Alhamisi, ila ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwalimu wa kemia, mzee aliyeitwa Tindikali kwa sababu ya ulimi wake mkali.

"Maabara ni ya wanaofanya majaribio, mwalimu," alimwambia Mama Bei alipouomba. "Ninyi mnatabiri, mambo yakienda kombo mnaeleza kwa nini. Huo ni ufundi wa kujitetea."

"Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Nikikufanyia jaribio je?"

"Lifanye mara mbili, jibu liwe lile lile. Hapo Alhamisi ni yako."

Jumatatu Mama Bei aligawa kadi: nusu ya darasa wauze penseli, nusu wanunue kwa vifungo vya shati, kila mmoja na kikomo chake cha bei, cha siri. Utabiri wake, vifungo saba, aliuandika kwenye karatasi akaikunja. Walibishana mpaka koo zikakauka. Wa kwanza waliuziana kwa kumi na viwili, wengine kwa vitatu, lakini kidogo kidogo bei ikatulia kwenye saba. Tindikali, aliyekuwa akitazama kando, aliikunjua karatasi, akakuna kidevu.

"Bado moja," akasema.

Jumatano walirudia, na safari hii ilichukua dakika mbili. Saba, saba, saba, bila mtu kupandisha sauti. Tindikali akaanza kuutoa ufunguo. Mama Bei aliuona, na aliutaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote katika shule ile. Lakini watoto wake aliwajua. Hawa hata chaki hawakugawana bila vita.

"Ngoja kwanza, mzee." Akamgeukia kiranja. "Mmepanga?"

Binti akaangalia viatu vyake. "Tulitaka upate chumba, mwalimu."

Ilimuuma na kumfurahisha kwa pamoja. "Basi hili halihesabiki," akamwambia Tindikali. "Asidi yako haijui kwamba inapimwa. Hawa wangu wanajua, na mbaya zaidi, wananipenda."

Mzee alifuta miwani muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Dawa zangu za maabara zilikwisha nguvu miaka mitatu iliyopita," akasema polepole. "Na bado kila mwaka wanafunzi wangu wananiletea jibu la kitabuni, sawasawa mpaka desimali ya pili. Nami nawapa alama zote."

Akamwekea ufunguo kiganjani.

"Alhamisi walete hawa. Na mimi nitawaleta wangu, uwaulize swali hilo hilo. Mimi sijawahi kuwa na ujasiri wa kuwauliza."