Chuma Nilichokikalia

Jamani, nichekeni, lakini hasira bado ninazo. Mimi ni soja wa hoteli hapa mtaa wa Al Rigga, huku kwa Waarabu, na mshahara huu ndio unaomlisha mwanangu kule Nakuru. Juzi nilipewa kulinda kigari cha mashindano cha Kifaransa, kilichoundwa kabla nyanya yangu hajazaliwa, kikatengenezwa upya hadi kinang'aa kama sufuria mpya. Meneja alinionya kwamba ni cha arbab, yaani tajiri mwenyewe, na kikikwaruzwa, narudi kwetu.

Mara mzee mwenye ovaroli chafu akachomeka chuma mbele ya kigari, akaanza kukizungusha kwa nguvu.

"Wewe mzee, khalas, acha! Unavunja gari la arbab!" Nikampokonya kile chuma, nikakikalia.

Meneja akaja mbio. "Wanjiru, inuka! Huyo ndiye arbab mwenyewe, na gari lake huwashwa kwa hicho ulichokikalia!"