Dock ya Chef na Bamama ba Vuhovi

Chef wa bureau yetu ya bakulima hapa Butembo alirudi siku moja toka Beni na dock, kasanduku kadogo ka chuma ka kuunganishia vyombo ku ordinateur. Alichomeka écran na souris mule, kisha fil moja tu ya USB-C ikaenda mu ordinateur yake. Chargeur alikuwa ameiacha Beni kwa kusudi.

— Hii fil inachaji pia, alituambia. Chargeur ni vitu ya bazee.

Miye, agronome wake, nilimuonyesha kama batri inashuka, juu ile dock ilikuwa inatoa courant kidogo kuliko yenye mashini ilikuwa inakula.

— Weye shurulikia mihindi yako, alijibu.

Asubui ileile bamama bakulima ba kijiji ya Vuhovi balikuja kusikia dawa ya ugonjwa wa kahawa yabo. Mu katikati ya maelezo yenye Chef alikuwa anabasomea ku écran, mashini ikazimika. Chef akabaambia, bila haya, kama courant ya Butembo imekatika. Ampoule ilikuwa inawaka juu ya kichwa yake, na bote balikuwa banaiona.

Nikasimama, nikabaelezea dawa kwa kinywa, mu Kinande, luga yabo. Yeye alibaki anapangusa dock yake na mouchoir. Toka siku ile ninamusalimia, lakini heshima, hapana.