Mzee Karanja na Laini ya Thika

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, Mwanangu, baridi ile ya Thika inayoingia mpaka kwenye mifupa, tukiwa tumesimama mbele ya mtambo wa simu uliokataa kusema wazi. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa fundi mchanga chini ya Mzee Karanja, mhandisi aliyenifundisha kazi. Tulikuwa tumelaza waya wa kioo, mwembamba kama unywele, kutoka Nairobi kupitia Ruiru. Sauti za watu zilisafiri ndani yake zikiwa mapigo ya mwanga, lakini zikifika Thika zilikuwa mkwaruzo mtupu.

"Mwanga unatanuka njiani," Mzee Karanja alimweleza mkubwa wetu. "Kila pigo linavimba hadi linaingilia lile la nyuma yake. Tuweke mtambo pale Ruiru, upokee mwanga kabla haujaharibika, uusafishe, uutume upya."

Mkubwa alikuwa amewaahidi wakuu wake kwamba laini itafunguliwa wiki hiyo. "Ongezeni nguvu ya mwanga," akasema.

"Nguvu haitaponya hii. Itazidisha."

Tukaamriwa, tukaongeza. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Siku ya ufunguzi wageni waliinua simu wakasikia vurugu, na lawama, unajua mwenyewe, hutelemka kama maji. Mzee Karanja akaachishwa kazi.

Damu ya ujana ilinichemka. Nilimfuata hadi getini, nikaapa nitarudi kumpigia mkubwa kelele mpaka ofisi nzima isikie.

"Wee kijana," akaniambia, "hata wewe unataka kuongeza nguvu? Kaa kazini. Lisemee hilo jambo la Ruiru polepole, mpaka lisikike."

Akaenda zake kijijini kwake Murera, kwenye kashamba kake ka mahindi.

Nilisema, nikanyamazishwa, nikasema tena. Mwaka ulipopinduka, mkubwa akakubali shingo upande, mtambo ukawekwa Ruiru. Sauti zikafika safi. Mama mmoja muuza nguo pale Thika alimpigia dada yake Nairobi, akacheka kwa furaha kwamba anamsikia hata akipumua.

Wakati huo Mzee Karanja alikuwa kitandani, kifua kimemlemea. Nilimwendea nikamweleza. Alitabasamu kidogo.

"Na mkubwa," akauliza, "amesema nini?"

Nilirudi nikamsihi mkubwa twende pamoja kumwomba radhi. "Wiki ijayo," akasema. Wiki ijayo ikazaa nyingine, nasi tukaja kwenda Murera kwa mazishi.

Hapo kaburini mkubwa alisimama akakiri mbele ya watu wote kwamba marehemu ndiye aliyekuwa na haki. Alizungumza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Mama Wambui, mjane, alimsikiliza ameinamisha kichwa. Alipomaliza, akamwambia bila hasira, "Hayo ungemwambia yeye."

Tukachukua majembe.

Basi, Mwanangu, kazi ikikukatalia usikimbilie kutia nguvu. Tafuta kwanza inakoharibikia. Na ukijua umemkosea mtu, nenda leo, angali na masikio, kwa maana maji yakimwagika hayazoleki. Mungu akupe moyo wa kusikiliza na ulimi usiokawia kuomba radhi, na siku ukiwa na haki, akujalie mtu wa kukuambia hivyo ukiwa hai.