Msiba wa Shangazi na Kiwanda cha Pamba

Nilipaswa kukataa siku ile tajiri wa samaki aliponiomba nimtoe kaka yangu kiwandani kwa ujanja. Sikukataa. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne lakini sikuwa na kazi, naye aliniahidi usimamizi katika kiwanda cha minofu alichotaka kukifungua humo humo.

Jengo lilikuwa ufukweni mwa ziwa, karibu na Kirumba. Zamani lilichambua pamba, na kaka alikuwa fundi wa mitambo. Pamba ilipokoma kuja wenzake waliondoka, yeye akabaki analala stoo na kupaka grisi mashine zisizo na cha kuchambua. Aliapa hazitaguswa akiwa pale. Mkewe alisema afadhali mke mwenza, huyo angemsaidia kuchota maji.

Nikamwambia shangazi yetu wa Magu amefariki. Kwetu mtu akisikia msiba haulizi maswali. Alibeba blanketi akapanda basi.

Alifika analia kwa sauti, akamkuta marehemu uani anapepeta karanga.

"Umefiwa na nani, mwanangu?"

"Na wewe, shangazi."

"Basi kaa ule kwanza. Usinizike na njaa."

Shangazi aliisimulia hadithi hiyo kila penye pombe hadi alipokufa kweli.

Kaka aliporudi, watu wa vyuma chakavu walikuwa wameshaikata mitambo kwa gesi na kuipakia kwenye lori. Alisimama mlangoni akitazama sakafu tupu.

"Ungenieleza ukweli, mdogo wangu, ningezifungua mashine mwenyewe, nati moja moja. Lakini wewe umemuua shangazi."

Kiwanda cha minofu kikafunguliwa, nami nikavaa koti jeupe na buti za mpira. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda ng'ambo. Sisi wasimamizi tulirudi nyumbani na mapanki, kichwa na mifupa, tukijiona wazito. Samaki walipopungua, tajiri naye akapanda ndege. Jengo likawa ghala la magodoro, na sasa ni ukumbi wa harusi. Wameweka jipsamu na taa za rangi, lakini jua likiwaka sawasawa kuta hunuka sangara, na bibi harusi hudhani ni bwana harusi.

Kaka alihamia Magu, akalima pamba. Kila nilipokwenda mkewe alinipakulia ugali, kaka akachukua jembe akatoka. Alizikwa huko huko, na safari hiyo msiba ulikuwa wa kweli.

Usimamizi ule ulinigharimu ndugu pekee niliyekuwa naye. Alikufa hasemi nami.