Kuku Waliokuja Kwenye Mfano wa Mpanzi

Mwanzoni mwa mvua hizi nilitaka watoto wa darasa la nne, hapa Singe ninapofundisha kipindi cha dini, waelewe mfano wa mpanzi kwa mikono yao. Niliwaambia walete konzi ya mahindi kutoka nyumbani. Tungeyarusha njiani, kwenye mawe na kwenye udongo mzuri, kisha wangehesabu yaliyoota katika somo la sayansi.

Mmoja alileta mbegu za dukani, zile za rangi ya waridi. Nimelima mahindi tangu ujana na ninajua rangi ile ni ya dawa ya kuulia wadudu. Lakini nilikuwa nimejaa furaha ya somo langu, sikutazama viganja vyao. Tulipozirusha njiani, kuku wa jirani wakaja mbio.

"Babu, ndege wa kwenye mfano ndio hao!" watoto walipiga kelele. Nilicheka, nikamshukuru Mungu.

Jioni mama mjane mwenye kuku alinijia amebeba matetea wake, wamekufa.

"Shikamoo, Mwalimu. Walikuwa wanataga," alisema.

Nilimpelekea matetea wangu. Alinishukuru, na shukrani ile inanichoma kuliko matusi. Watoto, kwa rehema za Mungu, walikuwa wazima.

Kipindi kilichofuata binti mmoja aliuliza, "Babu, tuandike kwamba ndege walikufa?"

"Andikeni."

"Na sababu?"

Wote walinitazama.

"Andikeni kwamba mpanzi hakuangalia mbegu zake."